Mkwe na Kopo Lake

Mtu akikwambia antibayotiki hazina shida, muulize kama amewahi kuzimeza akiwa ukweni.

Mimi nilizimeza Tanga, Ngamiani, kwa wazazi wa mke wangu. Jino la nyuma lilitunga usaha, shavu likafura, na kabla hatujaondoka Dar daktari wa meno akaniandikia dawa mbili: amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki, miligramu 625, asubuhi na jioni, na metronidazo, miligramu 400, kutwa mara tatu. Dada wa duka la dawa akanisisitizia nile kwanza ndipo nimeze, pombe nisiiguse, dozi niimalize. Tumbo je? "Litasumbuasumbua kidogo tu, kaka." Mimi na huyo dada tuna maongezi.

Ulianza ulimi. Metronidazo huacha ladha ya chuma mdomoni. Chai, maji, hata mate yangu mwenyewe, vyote vilikuwa kama nimelamba sarafu. Asubuhi mama mkwe akatenga mahamri na mbaazi za nazi, akasimama mlangoni kuningojea. Nikatafuna: sarafu. Nikameza: sarafu.

"Mama, mbaazi zimekolea! Na chumvi imekaa pale pale!"

Akanitazama, akaguna, akarudi jikoni.

Likafuata tumbo. Dawa hizi hazichagui. Zinawafagia bakteria wabaya wa kwenye jino pamoja na wale wema wanaolinda amani ya utumbo. Amani yangu ilivunjika kabla ya saa nne. Choo kiko nje, na njia yake inapita chini ya mwembe, anapochezea bao baba mkwe na wenzake. Utapitaje kimyakimya mbele ya wazee, na kopo la maji mkononi?

"Shikamooni wazee."

"Marahaba, baba."

Narudi: "Shikamooni." Nakaa, tumbo linanguruma, nanyanyuka: "Shikamooni." Mwishowe mzee mmoja, kete zimemjaa kiganjani, akasema bila kuinua macho, "Mkwe, shikamoo hizi zinatufikisha Idi. We wahi tu."

Habari ikavuka ukuta. Akaja jirani, nesi mstaafu, akaomba kuziona dawa. Akakisoma kibahasha, akanyamaza. Ikumbukwe metronidazo hutibu mengi: amiba, usaha wa meno, na pia trikomonasi, maradhi ya zinaa.

"Na mkojo vipi?"

"Umekuwa mweusimweusi," nikajibu kwa unyoofu wote. Dawa hiyo huugeuza mkojo rangi, tena bila madhara, lakini nilivyolitamka jambo lenyewe ukumbini kwa wakwe, ni kama nimetia sahihi.

Nesi akamgeukia mke wangu kwa huruma. "Mwanangu, na wewe umepewa? Maana hii wanatibiwa wote wawili."

Kikombe cha mama mkwe kikagonga kisahani. Mke wangu, ambaye nilimtegemea anitetee, akaangua kicheko mpaka akakaa chini.

"Ni jino!" nikapaaza sauti, nikalishika shavu niwaonyeshe uvimbe. Uvimbe haupo. Dawa zilikuwa zimefanya kazi, ushahidi wangu umenywea.

Baba mkwe akaingia, wenzake wa bao nyuma yake. Akawasha tochi ya simu. "Fungua mdomo." Nikafungua. Wazee wakachungulia kwa zamu, mmoja akavaa miwani kabisa.

"Lile kule, la chini. Limetoboka."

"Kweli, jino," baba mkwe akatangaza, akazima tochi. Nesi akajikohoza, akaniambia ninywe maji kwa wingi, nisikatishe dozi, na nikiona damu chooni niwahi hospitali.

Mama mkwe alikuwa ameshaanza kukusanya vyombo. "Mie nilijua toka asubuhi huyu mgonjwa wa mdomo," akasema. "Zile mbaazi nilisahau kutia chumvi. Paka mwenyewe kazisusa."