Samaki wa Zulia Walivyoniponza

Kabla ya safari ile nilikuwa nimekwisha kupanda meli za kitalii mara 5, zote za kampuni moja, na mtu aliyesafiri mara 5 na kampuni moja hupatwa na ugonjwa ambao daktari wa melini hana dawa yake: hujiona nahodha. Nilijua ni saa ngapi foleni ya chakula hupungua, ngazi ipi haina watu, na kwamba chumba kisichoyumba sana ni kile cha katikati ya meli kwenye sitaha za chini, kwa kuwa omo, yaani mbele, na tezi, yaani nyuma, ndizo zinazopanda na kushuka zaidi bahari inapochafuka. Nilikuwa pia na kadi ya dhahabu ya abiria wa siku nyingi, ambayo niliihifadhi kwenye pochi mahali ambapo watu wengine huweka picha za watoto wao.

Safari ya 6 nilibadili kampuni kwa sababu ya bei, wala sitatafuta sababu yenye heshima zaidi ya hiyo. Mke wangu, ambaye huchafukwa na moyo hata akitazama maji yakizunguka ndani ya ndoo, alimwachia kaka yake nafasi yake, na hivyo nikajikuta nasafiri na shemeji, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga meli yoyote na mwenye tabia iliyoniudhi tangu bandarini: kila alipokutana na mtu aliyevaa sare, alimwuliza swali.

"Shemeji, usijiaibishe," nilimwambia. "Niulize mimi."

"Na wewe nitakuuliza, shemeji," alijibu kwa adabu. "Lakini hawa wanalipwa kujibu."

Wiki moja kabla ya hapo alikuwa ameniuliza kwa simu kama apakie suti, nami nikacheka. Kampuni yangu ya zamani ilikwisha kuachana na usiku wa mavazi rasmi, kwa hiyo nilimweleza kwamba siku hizi watu huingia mezani na fulana na hakuna anayewatazama. Alinishukuru sana kwa ushauri huo, kisha, kama nilivyokuja kugundua, akaikunja suti yake na kuilaza chini kabisa ya sanduku.

Bandarini nilikwenda moja kwa moja kwenye foleni fupi ya wateja wa heshima na kuionyesha ile kadi ya dhahabu. Binti aliyekuwa mezani aliigeuza pande zote mbili, akanitabasamia kama mtu aliyeletewa mchoro na mtoto wa jirani, akanielekeza kwenye foleni ndefu. Kumbe uaminifu wa abiria haurithiwi na kampuni nyingine. Shemeji alikuwa amekwisha kuingia, kwa kuwa alijiandikisha mapema kwenye programu ya simu na kuchagua saa yake ya kupanda. Mimi barua ile ya maelekezo sikuifungua, nikiamini kwamba imeandikiwa wageni.

Nilimkuta chumbani amesimama kimya. Vitanda viwili vilikuwa vimesukumwa pamoja vikawa kimoja kikubwa, na juu yake walikaa mabata maji wawili waliofinyangwa kwa taulo, midomo imegusana, shingo zimeunda umbo la moyo. Kwenye kampuni ya zamani mhudumu alikuwa akija mwenyewe kuuliza mnalalaje. Hapa jibu lilitakiwa kwenye fomu iliyokuwa ndani ya barua ile ile. Tuliwatazama ndege wale kwa muda, kila mmoja akisubiri mwenzake aseme neno. Mwishowe shemeji alitoka kumtafuta mhudumu wa korido, akarudi naye, na vitanda vikatenganishwa kwa dakika chache. Katika dakika hizo hizo aliuliza pia kwa nini taa haziwaki, akaonyeshwa kwamba kadi ya mlango huchomekwa kwenye kitundu kilichopo ukutani, karibu na mlango, na ikitolewa taa huzimika. Mimi nilikuwa nimekwisha kubonyeza kila kitu, pamoja na kengele ya dharura ya bafuni.

Ili nirudishe hadhi yangu kidogo, nilimtoa nje na kumfundisha siri ya zulia. Kwenye meli nilizozizoea, samaki waliochorwa kwenye mazulia ya korido wote huogelea kuelekea omo, makusudi, ili abiria aliyepotea ajue mbele ni wapi. Nilimwonyesha zulia la meli ile mpya, ambalo kweli lilikuwa na samaki.

"Wanakokwenda hawa," nilisema, "ndiko omo iliko."

Shemeji aliinama akawatazama kwa makini. "Mbona huyu anakuja huku?"

"Huyo amegeuka tu."

Saa moja baadaye ilifika zamu ya zoezi la dharura. Sheria hii si mzaha: mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, ulizaliwa mwaka 1914 baada ya Titanic kuzama, na baada ya Costa Concordia kupinduka karibu na kisiwa cha Giglio mwezi Januari 2012 na watu 32 kufa, sharti lilikazwa kwamba abiria wapya wafanye zoezi kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka, badala ya kuachiwa saa 24. Yote hayo niliyajua. Nisichokijua ni kwamba si kila kampuni inalifanya kwa namna moja. Kwenye ile ya zamani nilitazama video kwenye simu, nikapita kituoni kwangu kuonyesha uso, nikaenda zangu. Kwa hiyo honi ilipolia mara 7 kwa ufupi na mara 1 kwa urefu, nami nimejilaza kando ya bwawa la kuogelea, niliwatuliza majirani zangu kwa sauti ya mtu mzima: "Msijisumbue, hiyo ni ishara tu." Majirani walinyanyuka wote. Nilibaki na bwawa lote peke yangu, nikastarehe, mpaka jina langu na namba ya chumba changu viliposomwa kwenye vipaza sauti vya sitaha zote, kwa sauti ya upole mno, na ikaelezwa kwamba chombo hakiwezi kung'oa nanga kwa kuwa abiria mmoja hajaonekana. Nilifika kituoni na kaptura iliyolowa. Watu mia moja na kitu walikuwa wamejipanga safu safu juani, na shemeji, safu ya mbele, alikuwa amenishikia nafasi.

Chakula cha usiku wa kwanza nitakipita haraka, maana bado kinaniuma. Tulipangiwa meza ya watu 8, saa maalumu na viti maalumu, na mimi niliyezoea tiketi zenye vinywaji ndani yake nikawaambia wenzetu waagize wanachotaka, kila kitu kimelipwa. Mhudumu alipokuja kuigusisha kadi yangu kwenye kimashine chake, nilidhani anahesabu abiria.

"Shemeji," alininong'oneza shemeji, "yule kijana ameniambia kwamba..."

"Mwache kijana afanye kazi yake, shemeji."

Shemeji alikunywa maji. Wale wengine waliniita mfalme, na kesho yake wakanisubiri tena.

Usiku wa 3 ndio uliokuwa wa mavazi rasmi, tena ulikuwa na mwaliko wa nahodha kwenye ukumbi mkuu. Shemeji alitoka bafuni na suti nyeusi, tai ya kipepeo na viatu vinavyong'aa, akaniuliza kwa huruma ya kweli kama nataka aniletee chochote. Mimi sikuwa na suruali ndefu zaidi ya ile iliyomwagikiwa mvinyo wa ukarimu wangu. Nilimwambia kwamba nimechoka, kwamba shughuli hizi nimeziona sana, na kwamba nitakula chumbani. Nikaagiza chakula kwa simu, nikavaa lile joho jeupe la taulo ambalo kila abiria hukuta limetundikwa bafuni, na ambalo kwa kimo changu lilikoma vizuri juu ya magoti, nikala kwa raha zote.

Nilipomaliza, nilifanya nilivyofanya kwa safari 5: nililichukua sinia na kulitoa koridoni. Nikaona hakuna sinia jingine hata moja mlangoni pa mtu, nikasita nalo mkononi, na katika kusita huko nikausikia mlango, ambao kama milango yote ya vyumba vya melini hujifunga wenyewe kwa ajili ya kuzuia moto, ukisema taratibu nyuma yangu: klik. Kadi ilikuwa ndani, kwenye kitundu chake ukutani, ikiniwashia taa za chumba kitupu.

Mtu mwingine angesubiri pale pale. Mimi nilikuwa na samaki. Kwenye meli ya zamani mapokezi yalikuwa sitaha ya 5, karibu na lifti za upande wa omo, basi nikainamisha kichwa na kuanza kuwafuata, na sinia langu, kwenye korido ya meli yenye urefu wa karibu mita 300. Walinipeleka vizuri mpaka kwenye kona moja, hapo wakagawanyika. Niliwafuata walio wengi. Nikaishia kwenye dirisha, na nje ya dirisha, chini kabisa, niliona povu jeupe la rafadha likitandazika gizani. Huko kulikuwa tezi. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini nadhani hawakumfikiria mtu aliyevaa taulo.

Nikaamua kurudi kwa namba za milango. Namba witiri huwa upande mmoja wa meli na namba shufwa upande wa pili, na upande upi ni upi ni uamuzi wa kila kampuni, jambo ambalo sasa nalijua kwa magoti yangu, yaliyopigwa na ubaridi wa viyoyozi korido mbili nzima. Nilisimama mbele ya mlango nilioamini ni wetu, nikagonga na kuita, "Shemeji! Shemeji!" Mama mmoja alinijibu kutoka ndani kwa lugha nisiyoielewa, ila nilielewa kabisa kwamba mimi si shemeji yake.

Kwa hiyo nikachukua lifti. Chumba chetu kilikuwa sitaha ya 14, iliyo juu ya sitaha ya 12, kwa kuwa meli nyingi huiruka namba 13 kwa kuogopa mkosi. Mkosi wenyewe, kwa maoni yangu, hauhesabu namba. Lifti ilikuwa na vioo pande tatu. Nikajiona mara tatu, nikafumba macho, nikabonyeza 5.

Milango ilifunguka katikati ya ukumbi mkuu. Muziki ulikuwa ukipigwa, taa zote zimewashwa, na mbele yangu walisimama watu wapatao mia mbili waliovaa magauni marefu na suti, wamepanga foleni ya kupigwa picha na nahodha. Mapokezi nilikuwa nayaona ng'ambo ya foleni. Nilijaribu kuipenya kwa kusema samahani, samahani, na bwana mmoja aliyekuwa akizungumza na mkewe akaweka glasi yake tupu juu ya sinia langu bila kunitazama. Mpiga picha, ambaye nadhani alikuwa amechoshwa na tai za kipepeo, alinishika bega kwa furaha, akanisukuma mbele ya pazia lililochorwa machweo, na kabla sijafumbua mdomo nikawa nimesimama kando ya nahodha mwenyewe, sare nyeupe, mistari 4 ya dhahabu kila bega.

Nahodha ni mtu aliyefunzwa kutoonyesha mshtuko. Alinipa mkono, akaukuta una sinia, akalishika upande wake wa sinia.

"Unaifurahia safari?" aliniuliza.

"Nimefungiwa nje," nikasema.

Taa ya kamera ikawaka.

Kadi mpya niliipata kwa dakika 2, kwa kutaja jina langu tu, maana mapokezi walilikumbuka tangu siku ya zoezi.

Asubuhi ya mwisho hesabu yetu ya safari ilisukumwa chini ya mlango. Nilikaa kitandani kuisoma: karatasi 4, vinywaji vya meza ya watu 8 kwa usiku wote, bahashishi ya kila abiria kwa kila siku, na mwishoni kabisa, mstari nisioufahamu, picha rasmi, nakala 3, zilizochukuliwa kwa kadi ya pili ya chumba.

"Shemeji, hizi picha ni za nani?"

Shemeji alikuwa akifunga sanduku lake. "Moja ni yangu, ya kumbukumbu. Ya pili ni ya dada."

"Na ya 3?"

"Ya mama."

"Mama yupi?"

"Mama yetu, shemeji. Mama mkwe wako. Alisema angependa kuona tulivyopendeza." Alilivuta zipu la sanduku mpaka mwisho, akaniangalia usoni, na kwa kuwa ni mtu mwenye moyo mzuri akaona anitulize. "Tena ameshaiona tangu jana. Nakala ya barua pepe haina malipo, niliuliza."