Mtani wetu alipolala kaburini

Mwaka juzi tulimzika baba mkubwa kijijini, si mbali na Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa. Tulipofika makaburini na jeneza tukakuta shimo lina mtu. Mzee mmoja Mngoni, fundi baiskeli aliyehamia kwetu kutoka Songea miaka mingi iliyopita, alikuwa amejilaza chali humo ndani, kofia usoni, hatoki mpaka alipwe. “Marehemu alikunywa ulanzi wangu kwa mkopo,” alisema. “Na nyie Wahehe wala mbwa, haraka ya nini?” Shangazi, aliyekuwa akilia tangu alfajiri, alicheka mpaka akashika kiuno.

Babu zetu na babu zake walichinjana. Vita vya Wahehe na Wangoni vilipiganwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880, na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Wazee husema utani, ule wa kabila na kabila kutaniana na kuzikana, ulizaliwa hapo. Lakini sijawahi kumsikia mzee yeyote akisema kwamba siku hiyo watu walianza kupendana. Wanachosimulia ni kwamba mtani alipewa kazi. Msibani yeye ndiye anayeshika jembe wakati mfiwa mikono imelegea, yeye ndiye anayeingia jikoni, yeye ndiye mwenye ruhusa ya kumwambia mjane “basi, kula sasa”. Ukimuua mtani, atakuzika nani?

Ndiyo maana amani ya makaratasi hainibabaishi. Hapohapo Kalenga kuna fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wetu Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na fuvu hilo limeandikwa ndani ya mkataba mkubwa kuliko yote ya wakati wake. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Lilirudi mwaka 1954. Hesabu mwenyewe. Na ile amani ya Versailles ilidumu miaka ishirini tu kabla dunia haijawaka tena.

Sasa linganisha na ndui. Mwaka 1958 daktari wa Kisovieti, Viktor Zhdanov, alisimama kwenye mkutano wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Minneapolis, kwenye ardhi ya mahasimu wake, akapendekeza ugonjwa huo ufutwe duniani kote. Wasovieti walitoa chanjo kwa mamilioni. Kampeni kubwa ilipoanza mwaka 1967 ikaongozwa na Mmarekani, Donald Henderson. Hawa ni watu ambao nchi zao zilikuwa zimeelekezeana makombora ya nyuklia! Mgonjwa wa mwisho kuipata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, mwaka 1977. Akapona. Mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ndui haipo tena.

Utaniambia: na vita baridi je? Viliendelea, tena mwaka huohuo wa 1980 majeshi ya Kisovieti yalikuwa tayari Afghanistan. Nakubali. Nadhani shida ni kwamba ile kazi ilikuwa na mwisho. Ndui ilipoisha, kila mmoja akakunja virago. Msiba hauishi, ndiyo maana utani wetu umedumu.

Wala sisemi kwamba haja moja inatosha. Hapa Mbeya tunalijua hilo vizuri kwa sababu ya maji ya bonde la Usangu. Mkulima wa mpunga Mbarali anayataka, mfugaji anayataka, wanyama wa Hifadhi ya Ruaha wanayataka, na bwawa la Mtera linayangoja lizalishe umeme. Haja ni moja, na ndiyo hiyohiyo inayotugombanisha kila kiangazi. Kila mmoja ana mfereji wake. Sijaona bado kazi ambayo mmoja hawezi kuimaliza mpaka mwenzake ashike upande wa pili. Siku mataifa yatakapogawana kazi za namna hiyo, za mvua na joto na mito, kazi ambazo mjukuu atazikuta na kuziacha, hapo nitakuwa na matumaini kuliko ninayopata nikisikiliza taarifa ya habari saa mbili usiku.

Yule mzee tulimlipa. Alipanda juu, akahesabu noti mbele ya watu wote, akatangaza kwamba Wahehe ni wachoyo hata wakifiwa, kisha akavua koti na kushika koleo. Vijana walipokezana; yeye hakumwachia mtu mpaka kaburi likajaa. Siku hizi anaumwa magoti na ameanza kusema atazikwa kwao Songea. Safari hiyo ni yetu, na mimi nimeshaanza kufikiria nitakapojilaza mle shimoni nitamdai nini.