Uwanja wa Mwanza Uanze na Maji, Viti Baadaye

Kila tunapozungumzia kujenga au kukarabati uwanja wa michezo hapa Mwanza, swali la kwanza huwa utaingiza watu wangapi. Mimi ningeuliza kwanza maji ya mvua yatakwenda wapi, na yatakuwa yamebeba nini.

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la jukwaa la mita za mraba 2,000, ukitoa asilimia 20 inayopotea, litakupa lita 80,000 kwa mvua moja nzito ya milimita 50. Watu husikia hivyo wakaanza kuota kumwagilia nyasi. Haiwezekani! Uwanja wa mita 105 kwa 68 hunywa kama lita 36,000 kwa siku moja ya jua kali, na kiangazi chetu kinaanza Juni. Maji ya paa yaende chooni na kwenye usafi. Tangi la lita 200,000 linatosha kuanzia. Milimita ya kwanza, yaani lita 2,000, imwagwe nje, kwa sababu ndiyo inayosomba vumbi na kinyesi cha ndege.

Nyasi bandia, kama zilizopo Uwanja wa Nyamagana, zina shida nyingine, na ndiyo inayonitia hofu zaidi. Chembechembe za mpira zinazomwagwa katikati ya majani husombwa na maji mvua ikipiga. Zikifika mtaroni, safari yake ni Mto Mirongo, kisha ziwani. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2023 kuzuia uuzaji wa chembechembe hizo kuanzia 2031. Ukingo wa zege wa sentimita 20 kuzunguka uwanja, chemba mbili zenye wavu kabla ya mtaro, na brashi za viatu kila mlango vinazuia sehemu kubwa. Ila milima yetu ya mawe hushusha maji kwa kasi pamoja na mchanga. Chemba isiyozolewa hujaa, maji yakapita juu na mpira wake. Kazi hiyo ipewe mtu anayelipwa, na ifanyike kabla ya vuli ya Oktoba.

Mshahara wake utoke wapi? Chini ya majukwaa wekeni fremu za biashara zinazotazama barabarani, badala ya ukuta mtupu, na vyoo vyenye mlango wa nje vinavyofunguliwa hata siku zisizo na mechi. Kodi ya fremu iingie kwenye akaunti ya matengenezo peke yake, na mahesabu yabandikwe getini kila robo mwaka, wakazi wa mtaa wayasome.