Usichume mbegu ya mchicha uliochanua mapema

Wengi wanaolalamika kwamba mbegu za nyumbani "zimechoka" wamezichosha wenyewe. Tazama bustani ya mboga nyuma ya jikoni. Mche wenye majani mapana unachumwa kila jioni. Ule uliochanua mapema, ukabaki na vijani viwili vigumu, unaachwa kwa sababu haufai kupikwa, na mwisho wa msimu huo ndio unaokung'utwa mbegu! Rudia hivyo misimu michache, utakuwa na mchicha au saga (mgagani) inayokimbilia maua hata hujachuma mara ya tatu.

Mimi hutenga michicha kumi na kitu iliyonawiri, nikaifunga vitambaa vyekundu mapema. Hiyo haichumwi hata mgeni akibisha hodi saa ya chakula, na manung'uniko nimeshayazoea. Mmoja ukichanua mapema, naufungua kitambaa, unaliwa. Mashuke ya iliyobaki yakikauka nayakata asubuhi, kabla jua halijakolea mbegu zikapukutika, nayapukusa juu ya leso kuukuu na kupepeta. Managu (mnavu) ni kazi ya maji: ponda matunda yaliyoiva kwenye bakuli, maganda yataelea na mbegu nzuri zitazama.

Si kila mbegu inafaa kutunzwa. Nyanya iliyoandikwa F1 kwenye pakiti, yaani chotara ya kizazi cha kwanza, itakuzalia watoto wasiofanana na mama yao. Hiyo nenda tu agroveti ukanunue. Maboga nayo nyuki huyachanganya na ya jirani.

Hapa Kenya, sheria ya mbegu ilivyorekebishwa mwaka 2012 ilitishia faini ya hadi shilingi milioni 1 au kifungo cha hadi miaka 2 kwa kuuza mbegu zisizoidhinishwa, na wakulima wakaogopa hata kubadilishana. Wakulima wadogo walikwenda mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu mjini Machakos ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Nilishangilia. Lakini ruhusa hiyo ina faida gani ikiwa tutagawiana masalio?

Kunde zangu nazihifadhi na jivu kavu lililochekechwa, kwenye chupa iliyojaa hadi shingoni. Kabla sijampa mtu, nafunga punje 10 kwenye kitambaa chenye unyevu. Zikiota chini ya 7 baada ya siku chache, hizo hazitoki kwangu; tunazipika na mahindi.