Samaki Wangu Kavimba Tena

Nani alinidanganya kwamba kujichongea chambo cha mti chenye umbo la samaki ni kubana matumizi? Kile cha plastiki cha dukani nilipotajiwa bei nilikirudisha taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Nikasema, mimi ni mtoto wa Sahare, kisu ninacho, mti utakosekana Tanga hii?

Kuchonga kulichukua siku moja. Kipande cha msufi, chepesi, msasa, macho mawili, risasi kidogo tumboni asipinduke. Nikamlaza kwenye ndoo ya maji. Asubuhi, yarabi! Kavimba kama andazi lililozidi hamira, rangi imepasuka mgongoni. Maji yamepitia kitundu cha skrubu ya ndoana. Kumbe mti hata ukiukata na kuukausha, kiu yake iko palepale.

Fundi seremala akaniambia nianze na sila ya mbao, ile ya kuzuia mti usinywe maji, mikono mitatu, kila mkono ukauke, na kitundu nikijaze gundi kabla ya kukaza skrubu. Sawa. Juu nikapaka rangi ya mafuta iliyobaki kwenye geti la jirani, halafu vanishi ya tina. Heh! Vile vitu ni wakewenza. Vilipokutana tu ngozi ikajikunja, samaki akazeeka mbele ya macho yangu. Nikakwangua. Mara ya pili masika yalikuwa yamekolea, vanishi ikakauka na utando mweupe. Samaki ana mtoto wa jicho mwili mzima!

Nikahamia gundi ya chupa mbili. Hii ni nusu kwa nusu, ukikosea kipimo inanata mpaka Idi. Na ukishapaka umgeuze muda wote, la sivyo yote inateremkia tumboni. Mota ya kumzungusha sina. Nikakaa barazani nazungusha kwa vidole kama muuza mishikaki, saa nzima na ushei, pua inawasha na siwezi kuigusa.

"Baba Zuhura," mama watoto akauliza, "huyo akiiva nisonge ugali?"

Mbu wawili wakatua, wakabaki. Wamo mpaka leo, wanaonekana vizuri kabisa.

Mjomba wangu anarambaza nguru, yaani anaburuta mshipi nyuma ya ngalawa, kwa chambo cha unyoya wa jogoo na nyuzi za gunia tangu sijazaliwa. Ngalawa yake huipaka sifa, mafuta ya papa, chini deheni ya mafuta na chokaa, basi. Akamshika samaki wangu, akamgeuza huku na huku, akauliza: "Huyu mnamwozesha lini?"

Jumapili tukaingia baharini. Mzia, yule samaki wa meno makali, akaja, akang'ata mara moja, akaenda zake. Navuta mshipi, nahesabu matundu saba ya meno, yametoboa gundi mpaka kwenye mti. Jumatatu asubuhi samaki kavimba. Mjomba alipata nguru wawili, akanipa mmoja, na mpaka sasa sijajua ilikuwa sadaka au kejeli.

Yale matundu nilitaka kuyaziba kwa ile rangi ya kucha isiyo na rangi, hukauka upesi. Mama Zuhura ameihamishia kwenye pochi yake, na siku hizi pochi analala nayo.