Betri ya kihisi humalizwa na kusikiliza

CC2420, redio iliyotumika sana kwenye vihisi visivyotumia waya (vifaa vidogo vinavyopima mazingira na kutuma data kwa redio), hula miliampia 17.4 inapotuma kwa nguvu zake zote. Inaposikiliza hula 18.8. Kusikiliza ni ghali kuliko kusema! Wengi wanaotaka kuokoa betri kwa kuchagua njia ambayo data itapitia, kihisi hadi kihisi, huipita namba hii kana kwamba haipo.

Hoja yao si ya kubezwa. Nguvu ya kurusha wimbi hupanda angalau kwa mraba wa umbali, hivyo data ikipokezanwa kwa hatua fupifupi huonekana nafuu. Tena vihisi vilivyo jirani na kituo kikuu, kinachokusanya data yote, hubeba mizigo ya wenzao na kufa mapema. Itifaki (kanuni za mawasiliano) ya LEACH ya mwaka 2000 ilijibu kwa kuviweka katika makundi na kuvipokezanisha uongozi.

Ila tazama hesabu za LEACH yenyewe: nanojuli 50 kwa kila biti kuendesha saketi, kwa anayetuma na kwa anayepokea, kisha pikojuli 100 (sehemu ya kumi ya nanojuli) kwa biti, mara mraba wa umbali kwa mita. Weka mpokezi, yaani kihisi cha kupokea na kupitisha, katikati ya safari. Safari ikiwa chini ya mita 45 hivi, mpokezi huyo ni hasara: umeongeza nanojuli 100 kwa biti ili kuokoa nusu ya gharama ya umbali.

Na bado hatujagusa ukimya. Kihisi kinachopima joto kila dakika 5 hutuma kwa milisekunde chache. Muda uliobaki, redio iliyo macho hungoja neno lisilokuja. Betri ya saa-miliampia 2,500 huisha kwa siku 5 na nusu redio ikikesha, hata njia iwe bora vipi. Ikiamka asilimia 1 tu ya muda, redio peke yake ingeichukua takriban mwaka mmoja na nusu kuimaliza. (Kwa haki, LEACH huwaruhusu wanakundi kulala hadi zamu yao, anayekesha ni kiongozi. Kwangu, usingizi huo ulistahili sifa kuliko njia.)

Penye data nyingi, mathalani mitetemo ya daraja, nafasi ya kulala hupungua na njia hurudi kuwa na uzito. Hata hapo ningeanza na ubora wa mawasiliano kabla ya mita, kwani pakiti iliyotumwa mara 3 ndipo ifike imelipiwa mara 3. Itifaki ya CTP, ya kukusanya data ya vihisi, huhesabu hilo hasa, idadi ya kutuma inayotarajiwa hadi kituoni, wala haiulizi umbali.