Uwanja wa Talanta: majirani watapata nini AFCON ikija?

CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilipoipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, Septemba 2023, Wakenya wengi tulishangilia nusu nusu. Tulishawahi kupokonywa mara mbili: AFCON ya 1996 ikaishia Afrika Kusini, CHAN ya 2018, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ikahamishiwa Morocco, na mara zote tatizo lilikuwa maandalizi. Safari hii angalau kuna zege la kuonekana kwa macho. Pale Jamhuri, Nairobi, kando ya Ngong Road, unajengwa uwanja wa watu 60,000 ambao wengi tunauita Talanta, mwendo wa miguu tu kutoka Kibera na soko la Toi.

Mjadala mwingi umekuwa kama utakamilika kwa wakati. Kwangu swali zito zaidi ni hili: ukishakamilika, mtu wa Kibera, wa Woodley au wa Jamhuri yenyewe atanufaika vipi, na ni wapi palipoandikwa hivyo?

Wanaoutetea wana hoja, tena si hafifu. Juni 2024 Harambee Stars, timu yetu ya taifa, walikwenda Lilongwe, Malawi, kucheza mechi zao za "nyumbani" dhidi ya Burundi na Ivory Coast, kwa kuwa Kenya nzima haikuwa na uwanja uliokubaliwa na CAF. Baadaye mwaka huo wakawa wageni wa uwanja wa Namboole, Kampala. Timu ilisafiri, pesa za malango na za mahoteli zikabaki ugenini, na mashabiki wakabaki na televisheni. CHAN ya Agosti 2025 ndiyo iliyoilazimisha serikali kumaliza ukarabati wa viwanja vya Kasarani na Nyayo uliokuwa ukisuasua kwa miaka. Bila tarehe ya CAF ukutani, sidhani kama tungeuona ukikamilika. Mashindano huifanya serikali ifanye kwa miezi kile ambacho imekuwa ikikiahidi kwa muongo mzima. Hiyo ni faida, hata kama inatuaibisha kidogo.

Gharama nayo ina hadithi yake. Talanta haukujengwa kwa fedha za bajeti ya kawaida. Julai 2025 hatifungani, yaani mkopo unaouzwa kwa wawekezaji, ya Sh44.79 bilioni iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi, ya miaka 15, kwa faida ya asilimia 15.04 kwa mwekezaji. Ukipiga hesabu ya haraka, riba ya mwaka wa kwanza peke yake inakaribia Sh6.7 bilioni. Italipwa na Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ambayo hujazwa hasa na kodi za michezo ya kubahatisha. Kwa maneno mengine, kijana anayebeti jioni kwenye simu yake ni miongoni mwa wanaoulipia uwanja huu.

Wapo wanaosema mpango huu ni afadhali kuliko mkopo wa dola, na wana haki: deni liko kwa shilingi, na dola ikipanda halinenepi. Lakini jina la Hazina lenyewe linakuonyesha kilichowekwa rehani. Sheria iliikusudia kwa michezo, kwa sanaa, na kwa maendeleo ya jamii ikiwemo huduma ya afya. Kila shilingi itakayokwenda kwa wenye hatifungani haitakwenda kwenye uwanja mdogo wa mtaa wala kwenye zahanati. Kwa hiyo kumwambia mkaazi wa Kibera kwamba uwanja umejengwa bila kumgusa mfukoni si kweli. Wamorocco walilisema hili barabarani. Septemba na Oktoba 2025, vijana wa vuguvugu la GenZ 212 waliandamana wakiuliza viwanja vipo, hospitali ziko wapi, baada ya wanawake kadhaa kufariki wakijifungua katika hospitali moja ya Agadir. Serikali yao ilikuwa ikijiandaa kwa AFCON na Kombe la Dunia la 2030 kwa pamoja.

Sisemi uwanja usijengwe. Umeshajengwa kiasi cha kutorudi nyuma, na kwa kweli umejengwa mahali pazuri kuliko wengi wanavyokiri. Cape Town, kuelekea Kombe la Dunia la 2010, pendekezo la mwanzo lilikuwa kuuboresha uwanja wa Athlone, katika mitaa ya watu wa kipato cha chini. Uamuzi ukahamia Green Point, ufukweni, penye mandhari ya Table Mountain kwa ajili ya kamera. Gharama ikapita randi bilioni 4, na baada ya fainali jiji likabaki na uwanja uliomeza ruzuku mwaka hadi mwaka, mpaka raga ilipohamia hapo kutoka Newlands mnamo 2021. Athlone wakabaki na ahadi. Nairobi, kwa kupanga au kwa bahati, imeweka uwanja wake karibu na watu. Ila ukaribu peke yake unaweza kumaanisha tu kelele, vumbi na msongamano kwa jirani, na Ngong Road haikuwa na upungufu wa msongamano.

Tuje langoni, maana hapo ndipo riziki ya mtaa ilipo. Mashindano makubwa huja na eneo la biashara lililotengwa kwa wadhamini, na mchuuzi wa mahindi, wa jezi au wa chai ya mkandaa hufukuzwa mbali. Kanjo wetu, askari wa jiji, hawahitaji kufundishwa kazi hiyo. Wanaotetea utaratibu huo husema wadhamini ndio wanaolipa, na usalama nao si mzaha: wakati wa CHAN mashabiki walivunja malango Kasarani, na CAF ikapunguza idadi ya watazamaji. Hoja zote mbili ni za kweli, lakini hazifungi mlango. Salvador, Brazil, mwaka 2013, wanawake wanaouza akaraje, aina ya bajia za kunde ambazo ni chakula cha jadi cha mji huo, waligoma kuondolewa kwenye uwanja wa Fonte Nova. Walikusanya saini na kupiga kelele hadi FIFA ikakubali sita wao wauze hapo uwanjani. Sita ni wachache mno, nakubali. Lakini walipatikana kwa sababu walidai kabla ya mpira kuanza.

Huku kwetu bado sijaona karatasi ya namna hiyo. Kamati ya maandalizi na kaunti wangeweza kutenga vibanda kwa wachuuzi waliosajiliwa wa Toi na Kibera, kwa ada inayolipika, nje kidogo ya uzio. Wangeweza kutangaza ni vijana wangapi wa wadi za jirani wataajiriwa malangoni, na kwa mshahara gani. Kazi za kujitolea zenye fulana na chakula cha mchana sizihesabu.

Tena kuna siku zisizo na mechi, ambazo ndizo nyingi. Desemba 2025 CAF ilitangaza kwamba baada ya 2028 AFCON itachezwa kila miaka minne, kwa hiyo zamu nyingine ya Afrika Mashariki haiko karibu. Hatifungani itakuwa bado inadai hadi 2040. Mashemeji Derby ya Gor Mahia na AFC Leopards inaweza kuvutia umati, lakini huchezwa mara mbili tu kwa msimu wa ligi, na tamasha moja moja halitalipa umeme wa mwaka. Msimamizi wa uwanja atakuwa na kishawishi cha kufunga lango na kuukodisha uwanja kwa mikutano ya siasa na ya injili. Viwanja vya mazoezi vya nje vinaweza kufunguliwa kwa shule za Kibera na timu za mtaani Jumatatu hadi Alhamisi, bila ada, na hilo liandikwe kwenye mkataba wa uendeshaji kabla haujasainiwa.